Simbilisi Aliyeitikia Karibu

Hiki ninachotaka kukueleza hutakiamini, na wala sitakulaumu. Hata mimi Seifu, muuza hoho na nyanya hapa Kariakoo, mtu niliyeona mengi mjini, ningesimuliwa na mwingine ningemwambia akanawe uso kwanza. Lakini aliyenisimulia ni Sitara, mtoto wa dada yangu, na Sitara hajui kusema uongo. Kipaji hicho katika ukoo wetu nilikipata mimi, nikakichukua chote, sikuwabakizia wenzangu.

Basi sikiliza habari ya Sitara, mnyama mmoja mdogo, na kipande cha hoho kilichotaka kumtoa kazini.

Sitara anakaa Buguruni, vyumba viwili vya kupanga, yeye na binti yake Ummy. Mumewe alishafariki, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema ingawa kwenye bao alikuwa akiiba kete. Ukimtazama Sitara utadhani ni mwalimu wa chekechea: mfupi, sauti ya chini, mtandio haumkai kichwani, kila saa anaurudisha. Mtaani wanajua anafanya kazi maabara, na kwa kuwa hawajui huko maabara hasa anafanya nini, wameamua wenyewe. Wapo wanaosema anapima malaria. Wapo wanaosema anafuga panya wa kizungu. Hao wa pili ndio waliokaribia.

Maabara yenyewe iko Mchafukoge, nyuma ya jengo la zamani lenye maduka ya vitambaa chini na nguo zilizoanikwa juu. Unaingia getini, unamsalimia mlinzi, unafuata uchochoro mpaka mwisho, unakuta mlango wa chuma. Sitara aliingia mlango huo miaka mingi iliyopita akiwa mfagiaji, na leo ndiye mtunza wanyama. Analisha, anabadilisha maranda, anaosha vizimba, anapima uzito, na siku ya kutoa damu yeye ndiye anayemshika mnyama. Hilo la kushika ndilo linalompa sifa. Mnyama akiwa mikononi mwa Sitara anatulia kama mtoto aliyeshiba. Mimi huwa nawaambia wateja wangu kwamba hata chatu akimshika analala. Sijawahi kumwona ameshika chatu, lakini sioni kwa nini asilale.

Mwaka jana wakaletwa simbilisi.

Kama hujawahi kumwona simbilisi, mchukue sungura, mpunguze masikio, mnyang'anye mkia, halafu umpe filimbi ya trafiki mdomoni. Ndiye huyo. Walikuja na Daktari Severa, binti wa Kibosho, mwembamba, mwenye haraka, anayesomea ule udaktari wa vitabu, siyo wa sindano. Swali lake lilikuwa jepesi, hata mimi nililielewa, na mimi shule niliiacha darasa la sita baada ya kutofautiana na mwalimu wa hesabu. Alitaka kujua hivi: mwili uliokaukiwa vitamini C, ukipewa unga wa ubuyu wetu huu, unajaa tena kweli, au ni maneno ya wauza ubuyu?

"Kwa nini simbilisi, Daktari?" Sitara alimuuliza siku ya kwanza. "Panya si tunao tele."

"Panya anajitengenezea vitamini C mwenyewe, dada. Mnyime mboga mwaka mzima, hana habari. Simbilisi hawezi. Ni kama mimi na wewe, asipoila hana."

"Maskini," alisema Sitara.

Hapo hapo kazi ilishaharibika, ila hakuna aliyejua.

Utaratibu ulikuwa huu. Kundi moja la simbilisi walikula kila kitu, wakanenepa, wakawa na maringo. Kundi la pili walipewa punje kavu zenye vyote isipokuwa vitamini C, mpaka dalili zianze, ndipo nao wapewe unga wa ubuyu. Kila Jumatano alasiri Severa aliwatoa damu kidogo mguuni. Kichupa kilifungwa karatasi ya kung'aa kisipigwe na mwanga, kikatumbukizwa kwenye barafu palepale, maana vitamini C ina hasira za karibu, ukiizubaisha inakutoroka. Halafu kikapelekwa kwenye mashine. Na utafiti ukiisha, wanyama wote wangelazwa kwa dawa wasiamke tena, wapimwe ini na bandama.

Sitara alilijua hilo la mwisho. Katika kazi yake analijua siku zote, ndiyo maana hampi mnyama jina. Lakini safari hii aliuliza.

"Damu haitoshi, Daktari?"

"Damu ni bomba, dada. Ini ni tangi." Severa alikuwa anavaa glovu, anazungumza huku anavuta vidole. "Ukifungua bomba asubuhi ukakuta maji, umejua tu kwamba leo yametoka. Tangi la juu lina nini, hujajua. Mnyama akila kitu kizuri mchana, alasiri damu yake inapendeza. Ini halipendezi kwa mlo mmoja."

Sitara alielewa sana. Anakaa Buguruni, habari za bomba na tangi hafundishwi.

Sasa tuje kwenye chakula cha mchana, maana ndicho kilicholeta balaa.

Tangu mumewe afariki, Sitara chakula cha peke yake hakimshuki. Nyumbani anamsubiri Ummy hata achelewe vipi. Kazini alikuwa na stoo ndogo, hapo ndani tu ya mlango wa chuma, penye magunia ya punje na feni iliyokufa. Sheria inasema mtu asile pamoja na wanyama. Sitara hakuwa anakula pamoja nao. Alikuwa anakula stoo, mlango wazi kwa sababu ya joto, akitazamana nao. Hiyo ni tofauti kubwa sana kama wewe ndiye unayekula.

Na kila siku, kabla ya kufunua hotipoti, alisema neno lilelile ambalo mimi na wewe tungesema. Alianzia getini kwa mlinzi, Mzee Polycarp, Mchagga wa Rombo, mrefu kama nguzo ya umeme, anavaa koti la mvua hata kiangazi.

"Mzee Poli, karibu chakula."

"Asante, mama Ummy. Nimeshiba."

Miaka yote hiyo, hawakuwahi kubadilisha hata neno moja. Ndivyo tulivyolelewa. Mwenye chakula lazima akaribishe, na anayekaribishwa lazima awe ameshiba. Siku mtu akiitikia kweli, wote wawili mnaona haya. Akitoka hapo Sitara huingia stoo, hukaa kwenye kigoda, hufunua, na mdomo kwa mazoea humtoka tena, kuelekea kwenye vizimba: "Karibuni."

Tatizo ni kwamba simbilisi hawakulelewa Pwani.

Kulikuwa na mmoja, wa kahawia, ana baka jeupe jichoni, kizimba chake ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Alikuwa wa kundi la kunyimwa. Wiki hizo dalili zilishamshika. Manyoya yamesimama kama amelala na nguo mvua. Magoti yamevimba. Miguu ya nyuma anaiburuza, na filimbi yake, iliyokuwa inasumbua jengo zima, alishaiacha. Sitara alikuwa anampima uzito kila asubuhi na kila asubuhi alikuwa anashika kitu chepesi kuliko jana.

Jumatano hiyo alikaa na hotipoti yake. Wali, maharage, na kachumbari ya hoho aliyoipitia kwangu asubuhi. Akasema "karibuni" kwa hewa tu, akili yake iko kwenye chumvi.

Filimbi ikalia. Ndogo, inakwaruza, lakini ilikuwa filimbi. Akainua macho. Yule wa kahawia alikuwa anakuja, anajivuta kwa miguu ya mbele, anapumzika, anajivuta tena, mpaka akafika kwenye waya na kubandika pua.

"Usinifanyie hivyo," Sitara akamwambia. "Unatakiwa useme asante, nimeshiba."

Simbilisi hakusema asante.

Sitara alitazama mlango. Alitazama sahani. Alisema mwenyewe baadaye kwamba hakuamua. Mkono ndio ulioamua, kama unavyomsogezea mtu mwiko. Alichomoa kipande cha hoho kwenye kachumbari, akakifuta chumvi na kitunguu kwa pembe ya mtandio, akakipitisha kwenye waya. Kikaliwa. Alikaa akisikiliza ule mtafuno mdogo, kra, kra, kra, na wali wake ukaanza kushuka vizuri kuliko siku zote.

Alasiri Severa akaja na sindano zake. Sitara alimshika yule wa kahawia kama kawaida, isipokuwa safari hii alimgeuza uso upande wa ukutani. Pumzi yake ilikuwa inanuka hoho.

Kesho yake Severa alimwita mbele ya mashine. Alikuwa amefungua vifungo vya koti na nywele zimemponyoka.

"Dada, kuna kitu sikielewi. Yule wa karibu na mlango, miguu ya mgonjwa, manyoya ya mgonjwa, na damu kama ametoka harusini."

Sitara akaurudisha mtandio.

"Nimerudia mara ya pili, nimerudia na dawa mpya. Jibu ni lilelile. Kwa hiyo ama mashine inaniongopea, na kama inaniongopea basi Jumatano zangu zote za nyuma ni za uongo, ama huyu mnyama ana kitu mwilini ambacho hakuna anayekijua." Alishika paji la uso. "Njia ni moja. Kesho asubuhi namlaza, nipime ini na bandama. Tangi litasema."

"Kesho?"

"Kesho mapema. Umtayarishe."

"Sawa, Daktari," alisema Sitara, akaenda kuosha vizimba ambavyo alishaviosha.

Hebu fikiria yuko wapi hapo. Aliyekuwa mtunza wanyama kabla yake alifukuzwa kwa kuvuta sigara karibu na vizimba, na sigara haiharibu kipimo cha damu. Yeye alimlisha mnyama wa kunyimwa, tena siku ya kupima. Akisema, kazi imekwenda, na Ummy ndio kwanza ameanza chuo. Asiposema, kundi la yule wa kahawia lilikuwa limebakiza siku chache tu lianze kupewa ubuyu, na mnyama mwenyewe asingeufikia.

Jioni hiyo alitoka getini, miguu ikakataa kwenda mbali. Akakaa kwenye benchi la Mzee Polycarp na kumweleza yote.

Mzee alisikiliza, anakunja na kukunjua koti lake la mvua.

"Nyamaza tu, mama Ummy. Simbilisi atakusemea?"

"Hawezi."

"Basi. Na atakufa tu mwisho wa kazi, si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo. Wote. Lakini hao wengine watakufa kwa swali lisilo na jibu, Mzee. Huyu atakufa kwa swali ambalo jibu lake ninalo mimi."

Sitara akaaga, akapita zake. Mimi nilimwona anakatiza mbele ya meza yangu, nikamrushia hoho ya bure, akaiangalia kama nimemrushia kinyonga. Nikajua kuna jambo.

Asubuhi aliwahi. Hata hivyo alikuta amewahiwa. Ndani ya mlango wa chuma, kofia mkononi, alikuwa amesimama Mzee Polycarp, na Severa mbele yake na glovu moja.

"Ni mimi, Daktari," mzee alikuwa anasema. "Nilimpa ndizi."

"Ndizi?"

"Mbivu."

"Ulimpa yupi, Mzee?"

Polycarp akavipitia vizimba kwa macho, polepole, kama mtu anayechagua jogoo wa sikukuu. Akanyoosha kidole kwa mmoja wa lile kundi la wenye kula kila kitu, limnyama lililojaza kizimba kona hadi kona.

"Yule. Nilimwonea huruma, amekonda."

Severa alijiuma mdomo. "Mzee, huyo ndiye mnene kuliko wote humu."

"Ndizi imemkubali."

"Shikamoo, Mzee Poli," Sitara alisema kutoka mlangoni. "Mwache, Daktari. Si yeye. Ni mimi, tena siyo ndizi, ni hoho. Juzi mchana, kabla hujaja na sindano."

Severa aligeuka kutoka kwa mzee.

"Wewe," alisema Severa.

"Mimi."

"Tangu jana nimeifungua ile mashine. Nimemwaga dawa zote nikatengeneza upya. Nimempigia msimamizi wangu nikamwambia labda mwaka wangu mzima umekwenda na maji. Na wewe ulikuwa hapo, unaosha vizimba." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Kwa nini hukusema jana?"

"Niliogopa."

"Leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi." Hapo mtandio ukaanguka kabisa na Sitara hakuuokota. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono iko ubavuni, kama mtoto. "Ila usimfungue tumbo, Daktari. Kama ni kujua, mimi nimekwambia."

Severa aliangalia glovu yake ya mkono mmoja. Akaivua.

"Maneno hayatoshi, dada. Huyu mzee naye kaniletea ya ndizi, na amenitazama machoni. Siwezi kuandika kwamba niliambiwa." Alitembea mpaka kwenye kizimba cha mlangoni, akainama. "Lakini ipo njia. Kama ni hoho moja, bomba lilipata maji siku moja, tangi bado kavu. Asipopata kitu kingine, damu itashuka yenyewe. Nitampima Jumatatu. Ikishuka, mashine yangu ni nzima na wewe umesema kweli. Isiposhuka, namfungua."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye utakayemlisha. Punje zake tu. Nani mwingine anamshika akatulia?"

Ndivyo adhabu ilivyokuwa, na sidhani kama Severa alijua ukubwa wake. Maana yule wa kahawia alishajifunza. Kila Sitara alipotokea mlangoni, filimbi. Kila mfuko ulipochakarika, filimbi. Anajivuta mpaka kwenye waya na kungoja jibu la karibu yake. Ili asife, Sitara alitakiwa amnyime. Jumamosi si siku yake ya kazi, akaenda. Jumapili akaenda. Aliosha mikono mpaka viwiko asibebe harufu ya mboga. Alimmiminia punje kavu, akageuza mgongo, akahesabu magunia.

Kwangu alipita akasema, "Mjomba, usinipe hoho."

Niliudhika, mtu wa biashara nami nina moyo. "Hoho yangu ina nini?"

Ndipo akanieleza, yeye amesimama, mimi nimekaa juu ya tenga. Nikafikiri, nikamwambia, "Kwa hiyo mashine ya mamilioni, imeletwa na meli kutoka Ulaya, ikatikiswa na hoho ya Seifu. Kipande kimoja. Unaona sasa kwa nini siuzi bei ya wenzangu?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Chakula chake je? Stoo hakuingia tena na hotipoti. Aliichukua getini, akakaa kwenye benchi la Mzee Polycarp, akafunua.

"Mzee Poli, karibu."

"Asante, mama Ummy. Nimeshiba."

Sitara akafunika tena. Wapagazi wakapita na marobota ya vitambaa, wakapiga kelele za kupishwa, wakaisha. Bado kafunika.

"Huli?" mzee akauliza.

"Sili. Nimechoka na watu walioshiba. Aliyenijibu ukweli humu ni mmoja tu, na huyo amekatazwa kula."

Mke wa Mzee Polycarp yuko Rombo na migomba, hapa mjini anapika nani? Mzee alisimama, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akarudi akakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni. Akala. Alikula upande wake tu wa hotipoti, hakuvuka mpaka hata kwa punje moja, na alikula kimya, taratibu, kwa heshima kubwa, kama wanavyokula watu waliokuwa wanasema wameshiba. Sitara akaangalia pembeni ili ale vizuri. Kesho yake alipika zaidi, na wala hapakuwa na mazungumzo kuhusu hilo.

Nilimtania. Nikamwambia, Sitara, mwanangu, ukiona mwanamume wa Rombo anakula maharage ya nazi hasemi kitu, jiandae. Akaniambia nitazame nyanya zangu.

Jumatatu ikafika. Sitara alimshika yule wa kahawia kifuani. Alikuwa mwepesi mno, moyo unampiga mbio chini ya kidole, na pumzi yake ilinuka vumbi la punje, hakuna kingine. Sindano ikaingia. Kichupa, karatasi, barafu. Severa akaingia ndani na kufunga mlango, na Sitara akabaki na mnyama mikononi, hakumrudisha kizimbani, akasimama hapo hapo kwa muda ambao mtu angepika ugali, akaula, akaosha sufuria.

Mlango ukafunguka.

"Imeshuka," alisema Severa.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chini kabisa. Pale ilipokuwa kabla ya hoho."

Nadhani Sitara ndiye mtunza wanyama wa kwanza kumshukuru Mungu kwa sababu mnyama wake bado mgonjwa.

"Sijafurahi, dada, uelewe hilo," Severa akaendelea, na uso ulikuwa mkavu kweli. "Hizi siku zimenitoa jasho. Ukila tena ndani ya mlango huu, wewe na mimi basi. Nimemwambia msimamizi, na yeye amesema hivyo hivyo."

"Nimeelewa, Daktari."

"Na huyo hanifai tena. Ameshakula, siwezi kumweka pamoja na wenzake. Kwa kawaida mnyama wa namna hiyo naye hulazwa."

Sitara alimvuta karibu kidogo.

Severa alikuwa anahangaika na mfuko wa koti. "Lakini tunawalaza ili tujue. Na nilichotaka kukijua kwake nimeshakijua." Akatoa hoho nzima, ya kijani, imeshapata joto la mfukoni. Sura ilimbadilika, akawa binti mdogo tu aliye mbali na kwao. "Mpe wewe. Mimi huwa ananing'ata."

Wengine walilazwa utafiti ulipoisha. Sitara hakumwachia mtu kazi hiyo. Aliwashika mmoja mmoja mpaka mwisho, ili wa mwisho kuwagusa awe mtu waliyemzoea. Kuhusu ubuyu na maini yao, muulize Severa mwenyewe. Ameshapata udaktari wake, na bado akipita Mchafukoge anasimama getini, anaambiwa karibu, na siku hizi hasemi ameshiba. Wanakula watatu kwenye benchi, mlinzi katikati na koti lake la mvua.

Yule wa kahawia yuko Buguruni. Sitara ameshazoea kutompa mnyama jina, kwa hiyo Ummy ndiye aliyempa: Karibu. Hakupona haraka. Siku za kwanza alikula kama aliyetumwa, ungedhani ameshapona, lakini miguu ilibaki inaburuzwa, na Sitara alimwambia Ummy awe na subira, bomba limejaa leo, tangi linataka wiki nyingi. Kila jioni alimnyoosha yale magoti kwa kidole na mafuta ya nazi. Mpaka jioni moja nilipofika na mfuko wangu, mfuko ukachakarika, na mnyama akaruka. Aliruka na miguu yote minne, hewani, akageuka hukohuko, akatua, akapiga filimbi iliyomwamsha jirani. Sitara aliingia chumbani akakaa huko kidogo.

Haya ninayaandika kwake, Ijumaa, pilau iko jikoni na Karibu yuko chini ya kiti ananitafuna kamba ya kiatu. Na nataka ijulikane, maana watu wa mjini wanapenda kusahau, kwamba pasingekuwa na mimi habari hii isingekuwepo. Ile hoho iliyotikisa mashine haikuwa hoho ya hivi hivi. Nilimchagulia Sitara kwa mkono wangu mwenyewe, alfajiri, katika tenga zima la kutoka Lushoto, nikaipangusa, nikaishika juu watu wakasimama, maana tangu nianze biashara sijawahi kuona nyingine ya namna ile, ilikuwa na ukubwa wa kichwa cha—

"Mjomba," anasema Sitara nyuma ya kiti changu, na sijui amesimama hapo tangu lini, "niliiokota chini ya meza yako."